Namna ya Kusuluhisha Mgogoro Kijijini: Mwongozo kwa Viongozi wa Kijiji na wa Dini

Migogoro mingi ya vijijini Tanzania haianzii mahakamani. Inaanzia kwa balozi wa nyumba kumi, kwa mwenyekiti wa kitongoji, ofisini kwa mtendaji, au nyumbani kwa mchungaji jioni, mtu anapokuja kuomba ushauri huku ameshagombana na jirani yake. Mwongozo huu ni kwa ajili ya hao wanaobishiwa hodi: wenyeviti, wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji, wazee, mashehe, makatekista na wachungaji. Nimeufuata zaidi mgogoro wa ardhi, kwa kuwa ndio unaowasumbua watu wengi na ndio unaofikia kumwaga damu. Mwishoni nitagusa mifugo na ndoa.

Jambo moja linabeba mengine yote: msuluhishi hatoi hukumu. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 inalipatia Baraza la Ardhi la Kijiji kazi ya kupokea malalamiko, kuitisha kikao na kuwasaidia wenye mgogoro wafikie suluhu wanayoikubali wote wawili. Haikuliruhusu kumtangaza mshindi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 hata Baraza la Kata limebaki na usuluhishi peke yake. Lakini tembea vijijini uwasikilize watu: "Baraza limeamua shamba ni la fulani." Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Aliyeshindwa hakukubali chochote, amenyamazishwa tu, na msimu wa kulima ukifika atarudi na jembe, pengine na panga.

Hatua ya kwanza: pima kama shauri linasuluhishika

Kabla hujamwita mtu yeyote, jiulize kama jambo lenyewe ni lako. Mpaka wa shamba, njia ya kupita, zamu ya maji, ng'ombe walioingia kwenye mahindi, deni, matusi, ndugu kugombea urithi, mume na mke kutoelewana: hayo yanakaliwa kikao. Ubakaji, ulawiti, kumpa mimba mwanafunzi, kipigo kilichojeruhi, kuchoma nyumba: hayo ni ya polisi.

Nasisitiza hili kwa sababu "kumalizana kifamilia" kumeharibu maisha ya mabinti wengi. Familia mbili zikija kwako na ng'ombe wawili kama fidia ya binti aliyebakwa, usiwawekee kikao. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtu mzima akipatikana na hatia ya ubakaji kifungo chake hakipungui miaka 30, na hakuna mwenyekiti wala shehe mwenye mamlaka ya kukifuta kwa ng'ombe. Binti apelekwe polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na hospitali siku hiyo hiyo. Nguo alizovaa zihifadhiwe bila kufuliwa. Kazi ya kiongozi wa dini hapo ni kumsindikiza na kuituliza familia isilipize kisasi.

Shauri jingine la hatari ni la kurogwa. Usimwite anayetuhumiwa aje kujitetea kikaoni. Kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, na Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa maneno yaliyoanza kama minong'ono kisimani. Mlalamikaji msikilize faragha. Mara nyingi utakuta nyuma ya tuhuma kuna mtoto aliyefariki, ugonjwa usioeleweka, au shamba la huyo bibi ambalo kuna mtu analitaka. Shughulikia hilo la nyuma.

Hatua ya pili: chagueni wa kukaa

Kwa mgogoro wa ardhi, sheria imeshaweka utaratibu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na wanawake wasipungue 3. Majina yanapendekezwa na Halmashauri ya Kijiji na kuthibitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Akidi, yaani idadi inayotosha kufanya kikao, ni wajumbe 4, wawili kati yao wanawake. Mjane anayedai shamba mbele ya wanaume watupu wa ukoo wa marehemu mumewe hatasema hata nusu ya anayoyajua, kwa hiyo kikao kisichotimiza akidi hiyo kiahirisheni, hata kama wenye shauri wamekwisha kufika.

Mjumbe ambaye ni ndugu, mkwe, mdeni au mpangaji wa mmoja wao ajitoe, na atangaze kujitoa kwake mbele ya wote wawili. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hata asipovutia, watu watasema amevutia. Kijiji kidogo kila mtu ana undugu na mwenzake, nalijua hilo. Inapokuwa hivyo, ulizeni wazi: "Mnajua kwamba huyu ni shemeji yake fulani. Mnaridhika akae?" Jibu liandikwe.

Shehe na mchungaji wanaingia wapi? Kiongozi wa dini ana kitu ambacho mtendaji hana: watu humwambia siri, na anaweza kuingia nyumba yoyote bila kuonekana amekuja kukamata mtu. Mwenyekiti na baraza nao wana kitu ambacho yeye hana: daftari, muhuri, na kumbukumbu za ardhi za kijiji. Kila mmoja abaki na chake. Shehe apite nyumbani kwa pande zote kupoza mioyo kabla ya kikao na baada yake, awepo kikaoni kama mzee anayeheshimika, lakini asishike kalamu ya mipaka. Na mwenyekiti asijifanye mhubiri. Wenye mgogoro wakiwa wa dini tofauti, waalikwe viongozi wa pande zote mbili au asialikwe yeyote.

Msahafu na Biblia visitumike kutisha watu. Ukimtishia mtu halbadiri, kisomo cha kumlaani mkosaji, ili akiri, unachopata ni hofu, na hofu haikwambii mpaka ulipita wapi. Kama wenyewe wanataka kuapa kwa imani yao mwishoni, baada ya kukubaliana, waacheni waape.

Hatua ya tatu: msikilize kila mmoja peke yake

Wengi huiruka hatua hii kwa haraka, wakawaweka mahasimu wawili kwenye benchi moja siku ya kwanza, halafu wanashangaa kikao kuvunjika kwa matusi. Nenda kwanza kwa kila mmoja, mkiwa wawili ili pawe na shahidi wa mliyoyasikia. Salimieni ipasavyo, ulizeni habari za nyumbani, ndipo mwingie kwenye shauri.

Mwache azungumze mpaka amalize. Usimkatize kwa kuwa unaijua habari. Unajua habari ya kijiji, yake huijui bado. Akimaliza, mwambie: "Mzee wangu, nimekusikia. Naomba nirudie ulivyosema, unirekebishe nilipokosea." Rudia kwa maneno yake. Mtu aliyekuja juu hushuka mara tu anaposikia maneno yake yametoka kinywani mwa kiongozi bila kupindishwa. Kisha uliza mambo matatu: lilianza lini hasa, ni kitu gani kinachokuuma zaidi, na mwenzako akifanya nini utalala usingizi. La tatu ndilo lenye suluhu ndani yake. Anayedai ekari nzima anaweza kukujibu kwamba anataka tu jirani aache kumwita mwizi mbele ya watoto wake.

Usiahidi chochote. Usiseme "haki yako iko wazi," hata kama unaiona wazi. Na chakula? Kukataa kuku aliyechinjwa kwa ajili yako ni kumvunjia mtu heshima, lakini ukimla leo, kesho upande wa pili watakuwa na la kusema. Waambie kwa upole: "Mama, hiki tutakula pamoja siku ya kumaliza." Wanaelewa.

Hatua ya nne: nendeni shambani

Mpaka hauonekani kutoka ofisini. Wekeni siku, asubuhi mapema kabla watu hawajapita vilabuni, na muwaite wenye shauri, wake au waume zao, majirani wanaopakana nao pande zote, na wazee waliokuwepo shamba lilipogawiwa.

Tembeeni mpaka wote kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, mlalamikaji akitangulia na kuonyesha anakodai mpaka unapita. Kisha rudieni na mlalamikiwa akitangulia. Wote wakae kimya mmoja anapoonyesha. Mara nyingi mtakuta njia hizo mbili zinalingana sehemu kubwa na kuachana mahali pamoja tu, labda kwenye kona ya mtoni. Pachomekeni vigingi pande zote mbili, pimeni katikati yake, na muandike. Shauri lililoletwa kama "amepora shamba langu" limekuwa kipande cha hatua kumi na mbili kwa thelathini, na wote wawili wamekiona kwa macho yao.

Alama zenyewe zinasema. Uchagani mpaka ni mimea ya masale. Kwingine ni minyaa, mkonge, au mawe yaliyozikwa. Inameni mtazame. Isale la siku nyingi lina shina refu lenye pete za makovu ya majani yaliyodondoka, na liko kwenye mstari na wenzake. Lililohamishwa juzi udongo wake bado ni laini, shina limeinama, na ukiangalia hatua chache pembeni unaweza kukuta shimo lililofukiwa. Mkiliona hilo, msimkodolee macho aliyehamisha. Pigeni picha kwa simu, andikeni, mwendelee. Atajua kwamba mmeona, na yatakuja yenyewe kwenye kikao. Mkimwaibisha hapo mbele ya majirani, hatakubali kitu tena.

Kama kuna hatimiliki ya kimila, ije shambani siku hiyo, na nakala iliyo masjala ya ardhi ya kijiji itolewe ilinganishwe nayo. Mahali palipopimwa na pana bikoni, yaani alama za mpima ardhi, msisogeze kitu; mwiteni mpima wa halmashauri.

Hatua ya tano: kikao chenyewe

Fanyeni mahali pa wote, chini ya mti wa mikutano au shuleni, kamwe si nyumbani kwa mmoja wao. Viti viwekwe duara. Ukiwakalisha uso kwa uso na meza katikati, umewajengea mahakama. Watazamaji wapunguzwe, maana mtu hawezi kulegeza msimamo mbele ya kundi la vijana wanaomshangilia.

Dua au sala fupi inayowafaa wote ifungue. Mwenyekiti aeleze: kila mtu atasema kwa zamu, hakuna kukatizana, hakuna kutukana wazazi wa mtu, na sisi hatutaamua, tutawasaidia mwamue. Hili la mwisho lisemwe wazi na lirudiwe, kwa sababu wenyewe watawasukuma: "Sisi tumekuja kwenu wazee, mtuambie nani mwenye haki." Msikubali. Jibuni: "Tukisema sisi, kesho mmoja wenu atasema tumepewa kitu."

Mlalamikaji aanze, kisha mlalamikiwa, kisha mashahidi wa mipaka. Baada ya hapo mwenyekiti ataje mambo ambayo wote wamekubaliana, hata yakiwa madogo. "Wote mmesema marehemu baba aliwagawia yeye mwenyewe. Wote mmesema mwembe ndio mwanzo wa mpaka. Tunabakiwa na kona ya mtoni." Kisha ulizeni kona ile kila mmoja anaihitaji kwa ajili gani. Mkubwa anaitaka kwa sababu ng'ombe wake hawana njia nyingine ya kwenda kunywa. Mdogo anaitaka kwa sababu amepanda migomba. Mambo hayo mawili hayagombani. Njia inaweza kupita pembeni mwa migomba. Kama mngeuliza tu "kona ni ya nani," mngekesha.

Wakikwama, pumzisheni kikao. Hapa shehe au mchungaji ana kazi kubwa. Amchukue mmoja pembeni, amsikilize tena, amuulize kama yuko tayari kusogea na kwa kiasi gani, kisha aende kwa mwingine. Ujumbe apeleke ule tu aliopewa ruhusa kuupeleka. Kikao kinaweza kuahirishwa wiki moja, na hilo si aibu kwa mtu. Suluhu iliyolazimishwa saa moja usiku ili wajumbe wawahi nyumbani haidumu.

Kuna mpaka mmoja ambao amani haiwezi kuuvuka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kwa hiyo mjane akishinikizwa "aachie shamba ili ukoo utulie," na akakubali huku analia, hapo hakuna suluhu. Mwambieni waziwazi haki yake mbele ya shemeji zake, na mumwelekeze kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Hatua ya sita: andikeni, siku hiyo hiyo

Makubaliano ya mdomo hufa na mashahidi wake. Msitawanyike kabla hayajaandikwa. Weka majina kamili, tarehe, kitongoji, majina ya waliohudhuria, kisha maneno yanayoweza kukaguliwa na mtu ambaye hakuwepo. Usiandike "wamekubaliana kuishi kwa amani na kuheshimu mpaka." Andika hivi:

"Mpaka kati ya mashamba yetu unaanzia kwenye mwembe ulio kando ya barabara ya kwenda zahanati, unafuata mstari wa minyaa hadi kwenye jiwe kubwa lililopakwa chokaa, kisha unashuka moja kwa moja hadi mtoni. Njia ya upana wa hatua tatu ya kwenda mtoni itabaki wazi kwa sisi wote wawili na mifugo yetu. Migomba minne iliyong'olewa itapandwa upya na aliyeing'oa kabla ya tarehe 30 Novemba. Mmoja wetu akiona makubaliano yamekiukwa, atakwenda kwanza kwa mwenyekiti kabla ya kuchukua hatua yoyote."

Karatasi isomwe kwa sauti polepole, kwa Kiswahili, na kwa lugha ya nyumbani kama kuna asiyekielewa vizuri. Wasaini au waweke dole gumba, na wenzi wao wa ndoa vilevile, kwa sababu mke ambaye hakushirikishwa anaweza kuyakataa. Kila upande uondoke na nakala, moja ibaki kwenye faili la kijiji. Kisha rudini shambani mkapande alama mpya, wenyewe wakichimba mashimo. Kama desturi ya mahali ni kuchinja mbuzi, chinjeni sasa.

Gharama nazo zisemwe mapema. Kama kijiji kina ada ya baraza, itangazwe kwa wote na itolewe stakabadhi. Fedha ya "nauli ya wazee" inayotoka mfukoni mwa upande mmoja imeua suluhu nyingi zilizokuwa nzuri.

Wakulima na wafugaji

Hapa muda ni mchache kuliko kwenye mipaka. Kilosa haijasahau Rudewa Mbuyuni, ambako Desemba 2000 zaidi ya watu 30 waliuawa. Ng'ombe wakiingia shambani, mwenyekiti afike siku hiyo hiyo pamoja na bwana shamba, mistari iliyoliwa ihesabiwe mbele ya mwenye shamba na mwenye mifugo, na makadirio ya magunia yaandikwe kabla mvua haijafuta nyayo. Mifugo isishikwe na vijana kama dhamana. Vurugu nyingi huzuka kwenye kuikomboa. Kwa Wamaasai zungumzeni na laigwanani, kiongozi wao wa kimila, kabla ya kuzungumza na kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe siku ile, kwa sababu ahadi ya laigwanani inabeba rika zima. Mkishamaliza fidia, liingizeni suala la mapito ya mifugo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, la sivyo msimu ujao mtakaa kikao kile kile.

Ndoa

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri la talaka lipitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na mabaraza yanayotambuliwa ni pamoja na ya jumuiya za dini. Linakuwa na mwenyekiti na wajumbe 2 hadi 5. Likishindwa, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na hati hiyo isiwe na zaidi ya miezi 6 ombi linapofunguliwa mahakamani. Kwa hiyo msimcheleweshee mtu hati kwa kutumaini atachoka na kurudi nyumbani. Na mke anayepigwa asirudishwe kwa mumewe na kauli ya "vumilia". Usalama wake kwanza, usuluhishi baadaye kama bado anautaka.

Ikishindikana, na ikifanikiwa

Kuna mashauri ambayo hayataisha kwenu. Semeni hivyo mapema, andikeni kwamba juhudi zimefanyika bila mafanikio, na muwaelekeze Baraza la Kata. Huko mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu, kwa hiyo asiye na uwezo asiogope kwenda. Baraza la Kata likishindwa hutoa cheti, na cheti hicho ndicho kinachomfungulia mtu mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita tangu shauri lifunguliwe kwenye kata bila suluhu, anaweza kwenda wilayani hata bila cheti. Wananchi wengi hawaijui haki hiyo, wanazungushwa miezi na miezi. Waambieni.

Likifanikiwa, kazi haijaisha siku ya kusaini. Mteueni mtu wa kufuatilia, na kiongozi wa dini anafaa zaidi kwa sababu ziara yake haishtui. Apite baada ya wiki mbili, apite tena mvua za kwanza zikinyesha watu wanapoanza kulima, na tena wakati wa mavuno. Atazame njia ya mtoni kama bado iko wazi, ahesabu migomba, azungumze na wake za wote wawili, maana wao hujua mapema ugomvi unapoanza kurudi. Alichokiona akipeleke kwa mwenyekiti kiingizwe kwenye faili lile lile, pamoja na tarehe.